Ushuhuda Kabla ya Jumamosi

Katika ibada za wanafunzi hapa chuoni, ushuhuda hutolewa na mtu aliyekwisha kuvuka. Husimama mbele, humshukuru Mungu, husimulia alikokwama na jinsi alivyokwamuliwa, na watu hupiga makofi. Mara mbili mwaka huu nimeombwa nisimame, na mara zote mbili nimekataa, kwa sababu nilikuwa nangoja mwisho wa habari yangu. Leo ni Alhamisi usiku. Jumamosi saa nne asubuhi tunacheza mechi ya mwisho ya msimu na sijui itakwendaje. Hata goti langu silijui litasema nini. Lakini Jumatatu ya wiki hii lilitokea jambo lililonifanya nione kwamba nikingoja Jumamosi ipite, nitasimulia matokeo, na mimi ninalotaka kusimulia halikuandikwa kwenye ubao wa pointi hata siku moja.

Mimi ni mchezaji wa kati, na siku hizi nahodha, katika timu ya voliboli ya wanawake ya chuo kikuu kimoja magharibi mwa Kenya. Kwa asiyeufuata mchezo huu, mchezaji wa kati ndiye anayesimama katikati ya wavu, akikimbilia kushoto na kulia kuziba mashambulizi. Huruka karibu kila mpira, na mingi ya miruko hiyo haipati mpira wowote, maana kazi yake mojawapo ni kupanda kana kwamba atapiga, wazibaji wa upande wa pili wamfuate, kumbe seta, anayewapangia wapigaji mpira, ameupeleka pembeni. Wavu wa wanawake huwekwa mita 2.24 kutoka chini. Fanya hesabu ya mtu anayeufikia na kuupita mara mia na zaidi kwa mechi moja, halafu ashuke kila mara kwenye lami.

Zamu ya mchezaji wa kati ikifika nyuma, libero, yule aliyevaa jezi ya rangi tofauti, huingia mahali pake. Kwa hiyo kutoka uwanjani nimekuzoea. Hukaa benchi pointi chache nikihema, nikanywa maji, nikarudi. Nilichokuwa sijakizoea ni kutoka bila kujua nitarudi lini.

Nilijifunzia Mwala, Kaunti ya Machakos, kwenye uwanja wa mchanga mwekundu, kamba ya katani ikiwa imefungwa kati ya miti miwili ya mukau. Kila msichana mrefu wa upande ule alitamani kuchukuliwa na Kwanthanze, shule ambayo imetwaa ubingwa wa kitaifa na ambayo jina lake lilitamkwa nyumbani kwa sauti ile ile ya kutaja chuo kikuu. Sikuchukuliwa. Nilisoma shule ya kutwa, nikacheza kwa viatu vya kuazima, na mwaka 2022 nikaja huku nikiwa na sanduku moja na gunia la maembe alilonibebesha mama. Mama ni mkulima wa ndengu na maembe. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Nayataja haya upesi kwa sababu si hapo shida yangu ilipoanzia; tulikuwa maskini, lakini tulikuwa sawa.

Shida ilianza Februari 2024. Tulikuwa ugenini, seti ya pili, tukiongoza 17 kwa 15. Niliruka kuziba, nikagusa mpira, nikashuka kwa mguu wa kulia peke yake. Goti likaingia ndani huku mwili ukiwa bado unaelekea kule mpira ulikokwenda. Nilisikia mlio. Wenzangu wawili waliokuwa karibu waliusikia pia, na mmoja alidhani kiatu changu kimepasuka. Kando ya uwanja palikuwa na mama mmoja akiuza juisi za barafu kwenye ndoo. Alizipasua juisi zake zote kwenye leso, akanifunga goti, na nahodha wetu alipompelekea pesa akazikataa. Jina lake sikulijua. Kila nikianza kuwataja wa kuwashukuru, huanza na yeye.

Nilipelekwa kwenye zahanati, nikaambiwa ni mteguko. Nikapewa bandeji, vidonge vya maumivu na wiki tatu za kupumzika. Uvimbe ulishuka, nikaamini, na niliamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Siku ya pili ya kurudi mazoezini, nikiwa nakimbia polepole tu na kugeuka, goti likaachia kama mlango uliong'oka bawaba. Safari hii gegedu nayo ilichanika.

Hapa nina neno kwa dada yeyote anayecheza. Goti likilia, likavimba ndani ya saa chache, usikubali kuambiwa ni mteguko kabla hujapimwa na mtu anayeyajua magoti. Ile kano ya katikati ya goti, ambayo wachezaji wote huiita ACL, huchanika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka. Wataalamu hutaja umbo la nyonga, nguvu ya misuli ya nyuma ya paja, na zaidi ya yote namna tunavyotua: magoti yakikutana ndani badala ya kukaa juu ya vidole vya miguu. Na kutua kunafundishika. Mimi nilifundishwa kuruka tangu darasa la sita. Hakuna aliyewahi kunifundisha kushuka.

Picha ya MRI ilionyesha yote. Upasuaji ungegharimu pesa ambazo sikuwahi kuziona pamoja. Mama aliuza ng'ombe wa maziwa na mbuzi wawili. Kanisa letu la AIC kijijini likatangaza mchango kwa Jumapili tatu mfululizo. Wanafunzi wenzangu walipitisha kofia madarasani, na shangazi zangu wakafungua kundi la WhatsApp ambalo hadi leo sijalifuta, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyetuma shilingi hamsini na kuandika, "Ni hizi tu nilizo nazo, mtoto wetu asimame." Mei 2024 nikapasuliwa. Daktari alichukua uzi wa kano kutoka nyuma ya paja langu, akautengenezea kano mpya ndani ya goti. Akaniambia: miezi tisa, ukifanya mazoezi yako kila siku. Ukivivia, au ukiharakisha, itakatika tena.

Maumivu ya kisu yalidumu kama wiki tatu. Baada ya hapo kilichobaki ni kwamba kila siku saa kumi na moja jioni hakuna aliyenihitaji mahali popote. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha likitazama uwanja wa voliboli. Mpira ukipigwa barabara una mlio wake, mlio mkavu, na niliyajua mazoezi yote kwa kusikia: sasa wanapasha, sasa wanapiga sava, sasa wamegawanywa sita kwa sita. Nikawa nafunga dirisha. Halafu nikaacha kwenda darasani. Halafu nikaacha kupokea simu za mama, nikamwandikia ujumbe kwamba mtandao ni mbaya. Nililala mchana na kukaa macho usiku. Paja la kulia lilikuwa limekonda; nililipima kwa utepe wa fundi cherehani, nikakuta limepungukiwa sentimita nne, na taulo niliyoambiwa niiweke chini ya goti na kuikandamiza mara mia kwa siku ilikaa imekunjwa mguuni mwa kitanda wiki nzima bila kuguswa.

Nilisali. Nataka kusema hivyo bila kuficha kitu: nilisali, na sikusikia kitu. Niliomba goti lipone upesi, niliomba mama apate ng'ombe mwingine, na usiku mmoja niliomba tu nisiamke nikiwa nimechoka. Asubuhi nikaamka nimechoka. Sijui kwa nini watu wakitoa ushuhuda huziruka siku hizi. Mimi nilikuwa nazo nyingi.

Juni, jioni moja, nikasikia naitwa kutoka chini. Alikuwa kocha wetu. Sote humwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha shule za sekondari maisha yake yote kabla ya kuja kwetu. Wanaume hawaruhusiwi kupanda kwenye bweni letu, kwa hiyo alisimama kwenye majani akipaza sauti.

"Shuka!"

"Mwalimu, niko kwenye magongo."

"Najua. Shuka polepole. Nina muda."

Nilizishuka ghorofa zote tatu kwa makalio, ngazi kwa ngazi, magongo nimeyashika mkono mmoja. Ilinichukua karibu robo saa. Alikuwa bado amesimama pale pale. Hakunipa pole. Alinipa kaunta buku lenye jalada jeusi, la kurasa nyingi, akasema, "Wasichana wanapokea sava vibaya. Siwezi kufundisha na kuhesabu kwa wakati mmoja. Nataka namba. Kesho saa kumi na moja."

Sikumshukuru. Nilikasirika. Niliona ananipa kazi ya kunituliza, kama vile mtoto anavyopewa unga kidogo asisumbue anayepika chapati. Nilirudi juu nikiapa sitakwenda. Kesho yake saa kumi na nusu nikaanza kushuka ngazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila sava inapopokelewa, unaiwekea alama. Tatu ni pasi inayomfikia seta mikononi karibu na wavu, akiwa na uhuru wa kumpa mpigaji yeyote amtakaye. Mbili ni pasi inayomlazimisha asogee, na chaguo zake hupungua. Moja ni ile ambayo hana la kufanya isipokuwa kuurusha mpira juu pembeni na kuomba Mungu. Sifuri ni pointi iliyokwenda. Basi. Siku ile ya kwanza kalamu yangu iliisha wino kabla ya nusu saa, na msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mfupi, mwenye harufu ya mafuta ya kukaangia, akakimbia hadi kwenye begi lake, akanirushia yake na kurudi uwanjani bila kusema neno. Ndiye seta wetu wa sasa. Nitarudi kwake.

Wastani wa timu wiki ile ulikuwa 1.4. Mwalimu alitaka 2. Nilimpa karatasi, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni na kusema, "Kesho uandike pia aliyepokea alisimama wapi." Kesho yake nikaandika. Keshokutwa akataka nitenganishe sava fupi na ndefu. Sikujua ni lini hasa nilianza kuikandamiza tena ile taulo. Najua tu kwamba nilikuwa nikiifanya nikiwa nimeinamia daftari, nikijumlisha.

Likizo ikafika nikaenda nyumbani, na mwisho wa Julai Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, wakaingia uwanjani kwenye Olimpiki ya Paris. Walikutana na Brazil, Poland na Japan, na mechi zote tatu walifungwa seti tatu kwa bila. Nilizitazama kwenye simu, mguu juu ya kigoda, daftari pajani. Atakayesoma matokeo peke yake ataona wanawake waliopoteza mara tatu. Mimi nina kurasa kumi na moja za mapokezi yao, na ndani yake kuna tatu nyingi ambazo zilipatikana dhidi ya sava ngumu kuliko zote duniani, zilizoishia kwenye mikono ya bloku ndefu ya Brazil. Pasi ilikuwa nzuri. Pointi ilipotea. Niliandika 3.

Mama alikuwa akipeta ndengu karibu nami. Akaniuliza naandika nini, nikamweleza. Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na daftari lake, la mistari, lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambamo huandika mavuno ya kila msimu kwa kilo. Nilikuwa nalijua daftari lile tangu utotoni na sikuwahi kulifungua. Alinifungulia ukurasa wa mwaka 2022, mwaka wa ukame. Ameandika tarehe, ameandika jina la shamba, na mahali pa kilo ameandika: *Hakuna*. Ameandika hivyo misimu miwili, kwa mwandiko ule ule uliotulia. Halafu akalifunga akaendelea kupeta.

Desemba ile, tarehe 26, Janet Wanja alifariki kwa saratani ya kifuko cha nyongo, akiwa na miaka 40. Alikuwa seta wa Malkia Strikers kwa miaka mingi, alicheza Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na miezi michache tu kabla ya kufa alikuwa Paris kama mmoja wa wakufunzi wa timu. Seta wetu mfupi alinipigia simu siku ya pili yake akilia, nami sikuwa na neno la kumwambia. Hatukuwahi kukutana na Wanja. Lakini kwa wasichana waliokulia kwenye nyanja za mchanga, kuona Mkenya mwenzao akipanga mchezo mbele ya dunia ilikuwa kama kupewa ruhusa. Seta wetu alirudi chuoni Januari akiwa ameandika herufi mbili za mwanzo za jina la Wanja kwa kalamu nyeusi kwenye utepe anaofunga vidole.

Mimi nilipimwa Machi 2025. Mtaalamu wa viungo alinitaka niruke kwa mguu mmoja, kwanza wa kushoto, kisha wa kulia, akapima umbali: mguu uliopasuliwa ulitakiwa ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Ulifika 93. Nikaruhusiwa. Lakini ruhusa ya mtaalamu na ruhusa ya mwili ni vitu viwili. Wiki tano nilikuwa napanda wavuni na kabla ya kufika juu tayari nawaza kushuka, mpira unapita juu ya vidole vyangu kila mara. Mwalimu aliniwekea kreti ya soda, akaniambia nipande na kushuka tu, miguu miwili, magoti juu ya vidole, mara arobaini kila jioni, bila mpira. Wa mwaka wa kwanza wakaanza kujipanga nyuma yangu na kushuka pia. Sasa timu nzima hushuka kreti kabla ya kugusa mpira.

Msimu huu ulianza vibaya. Tulipoteza mechi nne za kwanza. Basi la chuo lilikosekana mara mbili, tukasafiri kwa matatu tumepakata mipira na maji, tukalala kwenye ukumbi juu ya magodoro ya wenyeji. Jozi mbili za viatu zilichezewa na watu wanne. Agosti tulikuwa tumekusanyika kwenye simu moja kutazama Malkia wakiishinda Vietnam seti tatu kwa bila kwenye mashindano ya dunia nchini Thailand, tukapiga kelele hadi mlinzi akaja. Wiki mbili baadaye sisi wenyewe hatukuweza kupata hata seti moja.

Nikalipeleka daftari kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeona jambo. Katika mizunguko yetu sita, mitano ilikuwa ya kawaida, lakini mmoja ulikuwa ukitumaliza. Ni ule ambao seta yuko mbele kushoto. Sava ikipigwa, analazimika kukimbia kuelekea kulia, mahali pake pa kupangia, wakati huo huo mshambuliaji wetu mkubwa wa pembeni amekwama mbele kulia, na yeye hupigia kushoto. Wanapishana kama magari kwenye daraja jembamba. Katika mechi zile nne tulikuwa tumeruhusu mfululizo wa pointi tano au zaidi mara saba, na sita kati ya hizo zilikuwa katika mzunguko huo. Nilikuwa nimeziwekea duara jekundu.

Mwalimu alivua miwani. Jioni ile tulisogea wote kushoto: seta amebanana na mstari wa pembeni kwenye wavu, mimi ubavuni mwake, mshambuliaji hatua chache nyuma yetu lakini bado kulia kwangu, maana sheria inataka mpangilio usivunjwe kabla sava haijapigwa. Kwa mtazamaji tulionekana kama watu wanaokimbia mvua chini ya mti mmoja. Lakini sava ilipopigwa, mshambuliaji tayari alikuwa kushoto kwake, na seta alikuwa na njia moja iliyonyooka. Mechi sita zilizofuata tulishinda tano.

Kwa hiyo Jumamosi ina maana. Tunaokutana nao walitufunga 3-1 katika duru ya kwanza. Ushindi wa 3-0 au 3-1 huleta pointi tatu. Ushindi wa seti tano huleta mbili tu, na aliyeshindwa hupewa moja. Tukipata tatu tunaingia fainali. Mbili hazitoshi. Ni lazima tuwamalize kabla ya seti ya tano, kwenye uwanja wetu wa lami, jua la saa nne likimpiga usoni anayetazama mashariki.

Jumatatu hii, seta wetu aliungua.

Yeye hukaanga mandazi usiku na kuyauza kwa wenzake bwenini asubuhi. Hivyo ndivyo anavyolipa karo. Nyumbani kwao Vihiga wako sita na yeye ndiye wa kwanza kuvuka sekondari. Sufuria iliteleza. Mafuta yalimwagika kwenye mkono wa kulia kutoka vidoleni hadi juu ya kifundo. Muuguzi alisema atapona vizuri, kidonda hakikuingia ndani sana, lakini wiki tatu asiguse mpira. Wiki tatu. Seta wetu wa pili ni mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye mwezi uliopita alikuwa akiniomba ruhusa hata ya kunywa maji.

Jumanne majeruhi wetu hakuja mazoezini. Jumatano, tukiwa tunashuka kreti, nilimwona. Alikuwa amesimama nyuma ya jengo la mabafu, mkono wenye bandeji nyeupe ameuinua kifuani, akitutazama kwa upande. Alipoona nimemwona akageuka kuondoka. Nilimjua yule msichana aliyekuwa akiondoka. Nilikuwa nimeishi naye ghorofa ya tatu, dirisha limefungwa.

Nilimkimbilia. Hilo la kukimbia nataka litiwe kwenye ushuhuda huu, kwa sababu nilikuwa nimefika nusu ya uwanja ndipo nikakumbuka kwamba ninakimbia, na kwamba sikuwa nimelifikiria goti.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi?"

"Kepteni, nitakaa hapo nifanye nini?"

Sikumpa pole. Nilikwenda benchi nikachukua kaunta buku, lile lile, jalada limechanika na kugundishwa kwa utepe, nikalitia chini ya kwapa lake la kushoto. Nikamwambia mtoto wa mwaka wa kwanza anahitaji kujua kila pasi inamfikia wapi, na mimi siwezi kuziba na kuhesabu kwa wakati mmoja. Akalitazama. Akanitazama. Uso wake ulikuwa umekasirika kabisa, na moyo wangu ukapata nafuu.

Aliandika kwa mkono wa kushoto hadi giza likaingia. Tatu zake zilikuwa kama ndege wanaoruka, sifuri hazikufungika. Mwishoni alimwita yule seta mdogo, wakakaa chini kwenye lami, wakapitia ukurasa mmoja mmoja, mkubwa akionyesha kwa kidevu kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa na kazi. Sikusikia walichosema. Mwalimu naye alikuwa akikusanya mipira taratibu mno, kama mtu asiyetaka kuwahi kumaliza.

Mama yuko njiani. Alipanda gari Machakos leo asubuhi, atalala kwa binamu yetu Nairobi, kesho atafika huku jioni. Hajawahi kuniona nikicheza chuo kikuu. Ameniambia anakuja na ndengu na chupa ya uji, nami nimemwambia aje na kofia.

Kama saa moja iliyopita mlango wangu ulibishwa. Alikuwa seta wetu, daftari chini ya kwapa, simu mdomoni kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishika. Alikuwa ameitazama mara nne video ya mechi ya duru ya kwanza.

"Yule wao wa namba tisa," akasema, "akitaka kupiga sava fupi huudundisha mpira mara mbili. Akipiga ndefu, mara nne. Nimehesabu sava kumi na saba. Amekosea moja tu."

Tulizihesabu tena pamoja, mimi na yeye, kitandani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Ni kweli. Mara mbili fupi, mara nne ndefu. Alizungushia duara, akakunja kona ya ukurasa kwa meno, akasimama kuondoka. Mlangoni akageuka.

"Kepteni, Jumamosi nikae wapi?"

"Mwisho wa benchi, karibu na Mwalimu. Na uje na kalamu mbili."